Mikono Kumi na Mmoja

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lenye miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa duka la saa, kando ya barabara inayopanda kwenda hospitali. Wanaokaa hapo hawajaitana kwa majina ya vyeti tangu benchi lilipokuwa na miguu minne. Kuna Refa, mwenye duka la saa, aliyewahi kuchezesha mechi za mtaani miaka mitatu na mpaka leo hajaitoa filimbi kichwani. Kuna Wahenga, fundi viatu, anayezijua methali zote isipokuwa mahali pa kuzitumia. Kuna Ndoto, fundi cherehani, dada mwenye pini mdomoni saa zote, anayewafasiria watu ndoto zao wapende wasipende. Kuna Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini anawagombeza wote kana kwamba aliwalea. Na kuna Msasa, mpaka rangi za nyumba, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye asubuhi hiyo alifika wa mwisho, kwapani kabeba kitu kikubwa kama dirisha kimefunikwa shuka.

— Umeng'oa mlango wa nani? — Shangazi akamuuliza.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba. Mlango wa nani?

— Si mlango. Ni picha.

— Ya nani? Ya mama watoto? Kapata nafuu mpaka anapigwa picha?

— Kapona kabisa. Leo kanigombeza mara mbili kabla sijavaa viatu. Lakini si picha yake. Nimeichora mimi.

Akaiegemeza ukutani, chini ya saa kubwa ya Refa ambayo haijawahi kusema kweli, akavuta shuka.

Ulikuwa ubao wa plaiwudi, na juu yake rangi. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mtu, hapakuwa na hata kuku. Sehemu kubwa ilikuwa nyeupe, lakini ule weupe ulikuwa umetoboka-toboka kama nguo iliyoingiwa na mende, na ndani ya kila tundu mlichungulia pinki, ndani ya pinki njano, ndani ya njano nyekundu, bluu, nyeusi, na pale chini upande wa kushoto kulikuwa na shimo pana la kijivu. Kijiwe kikanyamaza. Kwa kawaida kijiwe kile kikinyamaza ni kwamba mdomo una kahawa ya moto.

— Sasa, — alisema Refa taratibu, — hii imeisha au bado unaendelea?

— Imeisha.

— Nauliza tu.

Msasa akakaa, akapokea kikombe, akaeleza shida yake kwa mpigo mmoja, maana angepumzika katikati asingeendelea. Picha ilikuwa inakwenda hospitali, ghorofa ya juu, kwenye ukuta unaotazamana na benchi la ndugu wa wagonjwa. Metroni amekubali, ila kamati yake imeona picha isiyoeleweka itawatia watu wasiwasi. Kwa hiyo kampa kadi moja nyeupe, akamwambia: andika maana yake, mistari mitatu, ibandikwe pembeni. Kadi na picha vifike kabla ya saa sita. Vikichelewa, pale itatundikwa kalenda waliyopewa bure, yenye picha ya friji.

— Nimekaa na kadi hii siku nne, — akamalizia. — Nikishika brashi, mkono unakwenda. Nikishika kalamu, nasikia njaa. Nisaidieni.

— Jina unalo lakini? — akauliza Ndoto, pini zikicheza midomoni.

— Jina ninalo. Inaitwa Mikono Kumi na Mmoja.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Maana kwa watu wa rangi, mkono ni ule upakaji mmoja wa ukuta mzima: unapiga mkono wa kwanza, unakauka, unapiga wa pili. Mwenye nyumba akisema anataka mikono miwili, anataka ukuta wake upakwe mara mbili, hataki kukumbatiwa. Msasa alikuwa amelisema neno hilo miaka ishirini na sita, mpaka akasahau kwamba watu wengine mikono yao ina vidole. Alidhani ameshaeleza kila kitu. Akapuliza kahawa yake, akangoja hekima.

Wenzake wakainuka wote, wakaisogelea picha, wakaanza kutafuta vidole.

— Naona mmoja, — alisema Refa. — Huu hapa. Dole gumba hili.

— Hilo si dole, hilo ni doa, — alisema Ndoto.

— Dada Ndoto, dole lililopinda.

— Mwenye macho haambiwi tazama, — alisema Wahenga, huku anamvuta Refa shati amwonyeshe ni wapi.

— Jamani, mikono yenyewe si hiyo, — Msasa akaanza.

— Kaa, Msasa, — akasema Shangazi. — Umeomba msaada, usaidiwe.

Akakaa. Na kusema kweli hakukaa kwa utii peke yake. Siku nne hakupata hata sentensi moja, na watu hawa walikuwa na sentensi za kumwaga. Pengine wangekosea njia wakatokea mahali pazuri. Watu huokota vitu vya maana wakiwa wamepotea.

Refa ndiye aliyepuliza filimbi ya kuanza.

— Kumi na moja. Hamwoni? Hesabu hiyo iko wapi duniani? Timu. Wachezaji kumi na mmoja, kila mmoja katoa mkono.

— Mpira unachezwa kwa miguu, — alisema Shangazi.

— Ndiyo maana picha ni ya kiroho. Mguu ni mwili, mkono ni roho. Mchezaji kwenye maisha haruhusiwi kushika, anaruhusiwa kukimbia tu. Akifika mwisho ndipo anainua mkono juu anasema, Mola wangu, nimechoka. Hii nyeupe ni goli. Nyekundu ile ni kadi.

— Kapewa nani?

— Beki wa kushoto. Anaonekana kabisa kwamba alistahili.

Msasa akatazama ile nyekundu, ambayo ilikuwa ndogo kama sarafu na iliyomgharimu siku tatu za kusugua, akaona kweli inafanana na mtu aliyefanya kosa. Akanywa kahawa.

Ndoto akazitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kola moja baada ya nyingine. Alipofanya hivyo watu walijua jambo ni zito.

— Refa unaongea mpira kwenye mambo ya watu. Mkono ukiuota, ni ndugu. Wa kulia wa kiume, wa kushoto wa kike. Sasa kumi na moja ni witiri. Mikono huja miwili miwili, sivyo? Kwa hiyo upo mkono mmoja mwenzake hayupo. Yuko upande wa pili.

Wahenga akaugeuza ubao. Upande wa pili kulikuwa na muhuri wa kiwanda cha mbao na kamba ya kuning'inizia.

— Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, — akasema, akaugeuza tena.

Wakamngoja aeleze. Hakuwa mtu wa kueleza.

— Upande wa pili wa dunia, nimesema, — akaendelea Ndoto. — Hapa kuna mkono mmoja wa marehemu. Ndio ule wa kijivu. Anaomba kitu.

— Anaomba nini?

— Marehemu wote huomba kitu kimoja. Muache kuvaa nguo zao.

— Mimi naona tumbo, — alisema Shangazi, ambaye alikuwa bado hajashawishika juu ya mikono. — Ile eksirei waliyonipiga mwaka juzi ilikuwa hivi hivi. Hili ni tumbo la mtu aliyekula haraka. Maana yake tuleni polepole. Iandike hiyo, Msasa, itawafaa hospitali.

— Mnazunguka, — akasema Wahenga. Akapiga magoti mbele ya picha, akaweka pua karibu na shimo la kijivu, akanusa. — Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo mikono hii haiko mitupu. Imeshika kitu. Kitu chenyewe hakionekani. Kwa nini hakionekani? Kwa sababu kiko chini. Jamani, kuna kitu chini ya hii rangi.

Msasa akashusha kikombe. Moyo ulimpiga vizuri.

— Endelea, Wahenga. Chini kuna nini?

— Dhahabu, — alisema Wahenga. — Hii ni ramani.

Msasa akainua tena kikombe.

Kuanzia hapo kamba ilikatika. Refa akasema kama ni ramani, basi nyeupe ni jangwa na timu imepotea humo. Ndoto akasema dhahabu ndotoni ni wivu, kwa hiyo marehemu aliuawa kwa kijicho na aliyemuua yuko kwenye picha, akimeza haraka ili asigundulike, na hapo hata tumbo la Shangazi likapata nafasi. Wahenga akasema dawa ya moto ni moto. Kisha Ndoto akasimama ghafla, akawatazama mmoja mmoja.

— Tuko wangapi hapa?

— Watano.

— Watu watano, mikono kumi. Msasa hakujua anachokichora. Roho ndiyo iliyochora. Imetuchora sisi. Mkono wa kumi na moja ni wa nani?

Wakatazamana. Wahenga akaficha mikono yake kwapani. Refa akaangaza huku na huku kwa jicho la mwamuzi, chini ya benchi, nyuma ya mlango, mwisho jicho likatua.

— Birika lina mkono, — akasema.

Refa alikuwa na maana ya kipini cha birika, kile cha kushikia. Lakini mkono wa birika, kila mtu anajua, ndilo jina la mtu bahili.

— Mkono wa birika nani? — Shangazi akauliza kwa upole uliotisha.

— Sijamwita mtu, Shangazi. Nimesema birika, kama birika.

— Miaka kumi na tano nakujazia kikombe mpaka ukingoni. Ukipata mafua nakutilia tangawizi bila kuombwa. Leo mimi ni mkono wa birika?

— Shangazi, ni mambo ya kiroho.

— Basi unywe roho.

Akalivuta birika akalificha nyuma ya sketi yake, na kwa kufanya hivyo akaithibitisha nadharia yote. Msasa akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mkewe alipougua, na alipojikuta anacheka alishangaa, kama mtu aliyekuta mfuko wa koti la zamani una kitu.

Lakini alipomaliza kujifuta machozi aliona Refa ameishika kadi. Ile kadi moja. Na kalamu.

— Nimeshaandika, usijali. Nimekusanya ya kila mtu, asilalamike mtu. — Refa akakohoa, akasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo: — Picha hii ni timu ya roho kumi na moja, mmojawapo marehemu, wanaotafuta dhahabu jangwani ndani ya tumbo la mtu aliyekula haraka. Mkono wa mwisho ni wa birika, si kwa ubaya. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Umesahau dawa ya moto, — alisema Wahenga.

— Nafasi iliisha.

Msasa akaichukua kadi. Mwandiko wa Refa ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika namba ndogo ndani ya saa. Akamfikiria Metroni anaisoma. Akaifikiria ile friji. Kicheko kikamkauka.

— Mkono ni mkono wa rangi, jamani, — akasema.

— Vipi?

— Mkono wa rangi. Mkono wa kwanza, mkono wa pili. Nimeupaka huu ubao mara kumi na moja. Hakuna kidole humo. Hakuna marehemu, hakuna beki wa kushoto. Nimepaka mikono kumi na mmoja, mmoja juu ya mwingine, halafu nikasugua.

Wakaitazama picha upya. Wahenga, aliyekuwa bado amepiga magoti, akainuka akijipangusa kama mtu aliyeanguka kwa bahati mbaya.

— Sasa si ungesema, — alisema Ndoto.

— Nilisema. Shangazi akaniambia nikae.

— Hilo nalikubali, — alisema Shangazi. Akalitoa birika mafichoni, akawamiminia wote, Refa wa mwisho. — Na kwa nini kumi na mmoja? Ukuta wa kwangu uliupiga miwili na ukalalamika.

Msasa akakizungusha kikombe mikononi. Kijiwe kilijua mkewe aliugua. Waliuliza, wakatuma machungwa. Hawakujua zaidi ya hapo kwa sababu yeye hakusema, na hakusema kwa sababu kila alipotaka kusema machozi yalitangulia, na mwanamume mzima kulia kwenye benchi la kahawa si jambo analoweza kulisahau Refa.

— Walimfanyia upasuaji, — akasema. — Baadaye wakamweka kwenye kile chumba ambacho hatuingii. Nimekaa kwenye lile benchi siku kumi na moja. Mbele yangu ukuta. Mnajua mimi na kuta. Ule ukuta nimeutazama mpaka nikajua brashi ilipita wapi, na aliyeupaka alikuwa na haraka. Hakuna kingine cha kutazama. Ukifumba macho unaona mabaya, ukifumbua unaona ukuta. Siku ya tatu daktari akanipita bila kunitazama, nikajua ndiyo hivyo. Nikasema, Mungu, nikitoka hapa na mke wangu, ukuta huu hautabaki hivi. Nitauwekea kitu, mwenzangu atakayekaa hapa apate pa kupeleka macho.

— Nadhiri, — alisema Ndoto kwa sauti ya chini.

— Nadhiri. Na Mungu katimiza yake. Wangu wa nyumbani huko anafua. Imebaki yangu, na kalenda ya friji iko njiani.

Shangazi akamwongezea kahawa.

— Aliporudi nyumbani nikachukua makopo yangu ya mabaki, yale ya chini ya kitanda. Nikasema, kila siku moja ya zile, mkono mmoja. Ya kwanza kijivu, maana ndivyo ilivyokuwa. Ya pili kijivu tena, hapakuwa na habari. Ya tatu nyeusi. Ya nne nesi mmoja alitoka akaniambia bado, lakini alikaa kidogo pembeni yangu, nikapaka bluu. Ya tano homa ikapanda, ile nyekundu. Hivyo hivyo mpaka ya kumi. Ya kumi ni pinki, niliyobakiza nilipopaka saluni. Siku hiyo waliniruhusu mlangoni. Akanitazama, akaniuliza kama nilianua nguo.

— Ulikuwa umeanua? — aliuliza Shangazi.

— Siku kumi ziko kwenye kamba. Mvua imezinyeshea, jua limezipiga, mvua tena. Nikasema nimeanua. Nilikimbia nyumbani nikaanua.

Shangazi akajipangusa jicho kwa kitambaa cha vikombe.

— Ya kumi na moja nyeupe, — Msasa akaendelea. — Nikaipiga, ikakauka, nikasimama mbali. Naona nini? Ubao mweupe. Safi. Ukiuona unadhani ulizaliwa mweupe. Nikaona huu ni uongo. Zile siku kumi zimo humo humo, nimezipaka mwenyewe, na hakuna atakayejua. Ndipo nikachukua msasa na maji nikaanza kufungua. Wiki tatu. Sikuwa nachora. Nilikuwa nasugua mpaka mkono unaniambia basi. Mahali pengine uliniambia basi kwenye pinki. Mahali pengine ulikataa kabisa mpaka chini. Mama watoto anasema imekuwa kama kitambaa cha kufutia meza.

— Haya sasa, — alisema Refa, na sauti yake haikuwa na filimbi. — Si ndiyo hiyo? Andika hiyo. Siku kumi na moja, mke wangu akapona. Mistari mitatu inatosha.

— Siwezi.

— Kwa nini?

— Kwa sababu kwenye lile benchi atakaa pia mtu ambaye wake hatatoka. Mimi nilikaa na mmoja. Mzee, anamngoja mwanawe. Siku ya saba wangu amefungua jicho, na siku hiyo hiyo yeye wakamwita ndani, akarudi amebeba viatu vya mwanawe. Sasa huyo mtu akae pale, anyanyue macho, asome kwamba wangu alipona? Nimwambie nini? Anipe hongera?

Ndoto akazirudisha pini zake mdomoni, moja baada ya nyingine. Wote wakamgeukia Wahenga, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kukosa methali.

— Wahenga hawakuwahi kukaa kwenye benchi hilo, — alisema Wahenga.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane, kwa hiyo Refa akachungulia ya mkononi. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Ndipo akaja mwanamke mmoja akishuka kutoka hospitali, kavaa malapa yasiyofanana, kashika chupa ya chai tupu. Gauni lake lilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelala ameketi. Akasalimia, akaomba kahawa kama ipo. Shangazi akaliinamisha birika, akaliinamisha zaidi, akapata kikombe kimoja na masimbi ya chini.

— Kaa, mwanangu. Una mgonjwa?

— Mdogo wangu. Yuko ghorofa ya juu. Wamesema nisubiri.

— Siku ya ngapi?

— Ya pili.

Refa akamsogezea nafasi. Hakukaa. Alikuwa ameiona picha. Akaitazama na kikombe mkononi bila kunywa, na wale watano wakabana pumzi, kila mmoja na maelezo yake mdomoni. Refa alipovuta hewa ya kuanzia, Ndoto alimkanyaga mguu.

Mwanamke akageuka.

— Samahani, — akasema. — Mtu anaruhusiwa kuigusa?

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Refa, mwenye sheria zote kichwani, akamtazama Ndoto, Ndoto akamtazama Wahenga, Wahenga akatazama viatu vyake. Tangu asubuhi walikuwa wanajadili mikono, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha wa kwake aiguse rangi.

Msasa ndiye aliyekwama zaidi. Miaka ishirini na sita, kila kazi aliyomaliza, aliiandikia kipande cha boksi akakining'iniza mlangoni: RANGI MBICHI, USIGUSE. Kafukuza watoto kwa maneno hayo, kafukuza mbuzi, siku moja kamfukuza bibi harusi na gauni lake lote. Hata sasa ulimi ulikuwa umeshaanza usi-, kwa mazoea tu, akauwahi kwa meno.

— Basi, niliuliza tu, — alisema mwanamke, akaurudisha mkono wake uliokuwa umeshatoka nusu.

Msasa akaigeuza kadi. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Akaiweka gotini, akaandika bila kusikia njaa, herufi kubwa za kibao, maneno mawili. Refa akanyoosha shingo.

— Metroni alitaka maana, — akanong'ona. — Mistari mitatu.

— Metroni naye ana mikono, — alisema Msasa, akampa mwanamke kadi.

Akaisoma kwa sauti, polepole, akihakikisha:

— Imekauka. Gusa.

Akakiweka kikombe kwenye benchi. Akajifuta kiganja kwenye gauni, akakiweka kwenye weupe, juu kabisa, na vidole vikaanza kutafuta. Kingo za rangi zilikuwa nyembamba lakini zilikuwapo, na alizisikia, maana alisita kwenye kila moja: pinki, njano, nyekundu, bluu, nyeusi. Akashuka nazo mpaka kwenye lile shimo la kijivu. Hapo mkono ukakaa. Hakusema picha ni ya nini, wala hakuuliza. Msasa alimwona anavuta pumzi moja ndefu, mabega yakashuka, naye akajikuta anavuta yake.

— Wa kumi na mbili, — alisema Wahenga, na kwa mara ya kwanza kijiweni pale hakuna aliyembishia.